Siku ya kujitambulisha ukweni Muleba, drone ya mpiga picha ikamkimbiza baba mkwe migombani

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Ingekuwa chai ningejipa nafasi nzuri zaidi humo ndani, maana mtaona nilivyoaibika.

Wale wa "weka video tuone": video ipo, ila ameikalia mama mkwe. Sababu mtaielewa mbele.

Mimi ni fundi friji, naishi Nshambya, Bukoba mjini. Mchumba wangu tumwite Koku. Ni mwalimu wa shule ya msingi na kwao ni Muleba, unaacha barabara ya kwenda Rubya unaingia ndani kwenye migomba mpaka simu inaanza kutafuta mtandao. Tumependana, tumegombana, tumerudiana, mwaka huu tukasema sasa basi, twende kwa wazee.

Baba yake anaitwa Ta Anselmi. Kwa wasio wa huku, "Ta" ni heshima ya mwanaume mtu mzima, na "Ma" ni ya mwanamke.

Ta Anselmi analima kahawa na ndizi, kanisani anakaa benchi la mbele, na ujana wake alikuwa mgambo, vita vya Kagera alivipitia. Akisema hapana, hapana hiyo haina rufaa. Kabla yangu alikuja jamaa mwenye gari lake, akapokea simu wakati mzee anaombea chakula. Aliambiwa amalizie mazungumzo yake nyumbani kwao.

Koku alinieleza wazi kabisa. "Nakupenda, lakini siwezi kuolewa baba amenuna. Akikukataa mbele ya ukoo, mimi na wewe tunaishia hapo hapo."

Kwa hiyo mnaelewa nilikuwa naenda kutafuta nini.

Sasa wakuu, ukoo wao una group la WhatsApp. Wiki chache kabla ya siku yetu, mtu akatupia humo video ya zile ndege za kivita za nchi za watu, zisizo na rubani. Siyo zile za kuendeshwa na mtu aliyekaa ofisini. Hizi zinapaa zenyewe, zinachagua mtu zenyewe, zinamaliza kazi zenyewe. Na msimulizi alikuwa na sauti ya kutangaza msiba.

Group likawaka moto. Koku alikuwa ananisomea kwenye simu jioni.

Mmoja aliuliza itajuaje nani ni askari na nani ametoka kukata majani ya ng'ombe. Akajibiwa kwamba inasoma mwendo wa mtu, hivyo wazee wajizoeze kutembea tofauti. Binamu aliyeko Mwanza akasema hapana, inasoma joto la mwili, ukijifunika majani ya mgomba haikuoni. Shangazi mmoja akaandika kwamba yeye haogopi, zaka amelipa.

Halafu kuna mjomba akauliza swali lililowanyamazisha wote. "Kama haina dereva, ikikukamata unaongea na nani?"

Nadhani hapo ndipo hofu ilipoingia kweli. Sisi Watanzania tunaweza kuvumilia kitu chochote, mradi kuna mtu wa kumwambia "mkuu, tusaidiane."

Ta Anselmi hakuandika kitu kwenye group. Yeye ni wa vitendo. Jumapili baada ya misa aliwakusanya majirani pale uwanjani anapoanika kahawa akawapa mafunzo. Ukisikia mlio juu, usisimame mahali peupe. Ingia migombani. Jifunike majani makavu. Tulia mpaka mimi niseme.

Wakafanya zoezi kabisa. Watoto walifurahi, wakaomba lirudiwe.

Koku alinisimulia tukacheka mpaka machozi. Na hapo ndipo mwanaume mwenye akili angeshtuka, kwa sababu tayari nilikuwa nimeshaongea na Respi.

Respi ni rafiki yangu, anapiga picha za harusi pale mjini. Alikuwa ndiyo kwanza kapata drone. (Kibali anacho, wanasheria wa humu tulieni.) Akaniambia, "Nakuchukua kutoka juu, unaonekana katikati ya migomba na kanzu yako, mkwe wako atalia machozi."

Kulia alilia, ila tusiende haraka.

Ile drone ilikuwa na kitu kimoja alichojivunia kuliko vyote. Unamzungushia mtu kiboksi kwenye kioo cha rimoti, basi, inamfuata yenyewe popote aendapo. Huigusi tena. "Inajiongoza, kaka!"

Mtaniuliza kwa nini sikuunganisha mambo. Wakuu, kichwani mwangu ile ya kwenye WhatsApp ilikuwa na ukubwa wa basi la Mwanza. Ya Respi ilikuwa inakaa kwenye begi pamoja na chapati zake. Tukakubaliana iwe surprise, nisimwambie mtu, hata Koku.

Siku ikafika.

Tulitoka Bukoba na msafara wa heshima. Shangazi zangu na vikapu, rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye vibuyu, senene wa kukaanga, na mimi nimevaa kanzu nyeupe na koti jeusi kama wazee walivyonielekeza. Msemaji wetu alikuwa Ta Felisiani, mzee mwenye maneno matamu hadi watu wa Muleba wanakuja kumuazima akawasemee harusi zao.

Respi alitangulia kwa pikipiki. Alipaswa kuirusha drone tukiwa tunaingia, lakini mama jirani aliyempa sehemu ya kujiandalia alimpa na ndizi, na ndizi za Muleba huwezi kuzikimbia. Tukaingia bila kupigwa picha.

"Nyegera waitu, nyegera," karibuni, karibuni. Tukaketi chini ya turubai.

Ma Yustina, mama yake Koku, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Hii ndiyo heshima ya kwetu, mgeni anapewa kahawa kabla hajasema shida yake. Ma Yustina ana goti bovu, akaketishwa taratibu kwenye mkeka mbele ya mume wake, ukingoni pasipofunikwa na turubai, kikapu mapajani.

Ta Felisiani akaanza. Aliongea juu ya jogoo aliyepotea akasikika anawika kwenye kibanja hiki, shamba la nyumbani kwao. Wazee wakawa wanatikisa vichwa kwa raha. Ta Anselmi mwenyewe alitabasamu, na Koku alikuwa ameniambia baba yake akitabasamu kabla ya chakula ujue umepita.

Akauliza, "Huyo kijana mwenyewe yuko wapi? Asimame tumuone."

Nikasimama. Nikatoka nje ya turubai, nikasogea uwanjani watu wote wanione.

Kule nyuma ya kahawa za jirani, Respi akaniona kwenye kioo. Akanizungushia kiboksi.

Mlio ukafika kabla ya kitu chenyewe.

Ta Anselmi alikuwa ameinua kahawa aipeleke mdomoni. Mkono ukaishia hapo. Akatazama juu, akaona, akapiga kelele ambayo sijawahi kusikia mtu wa umri ule akipiga.

"MIGOMBANI!"

Wakuu, lile zoezi lilikuwa limewaingia watu. Turubai lilikuwa na watu wa kutosha harusi ndogo, na kufumba na kufumbua nikaona limebaki na viti. Hata shangazi zangu waliokuja siku ile ile kutoka mjini walijua pa kwenda, sijui walijifunza lini. Ta Felisiani, msemaji wetu, na methali zake zote, aliingia kwenye banda la kuku. Kichwa kiliingia. Sehemu kubwa ya mwili ilibaki nje na kuku wakawa wanatokea pembeni.

Jirani mmoja, Ta Novati, alilala kifudifudi chini ya mgomba akaanza kutubu kwa sauti. "Ee Mungu, ule mlamula nilisogeza mimi! Nilisogeza mimi, nitaurudisha!" Mlamula ni mmea tunaopanda kuonyesha mpaka wa kibanja. Na aliyelala pembeni yake, uso kwa uso, alikuwa ndiye mwenye kibanja cha pili.

Katekista naye alikuwepo. Alianza litania ya watakatifu, akafika mahali akasahau, akarudia kuanzia mwanzo.

Mimi nimesimama uwanjani peke yangu kama mlingoti wa bendera.

Nikaona Ta Anselmi anatokomea kwenye migomba. Nikawaza neno moja tu, Koku. Nikamfuata mzee mbio, kanzu nimeishika mkononi, napiga kelele, "Baba! Ni kamera! Ni ya kwetu hiyo!"

Baadaye aliniambia alichosikia yeye ni "ni ya kwetu," akajua kumbe hata adui ninamfahamu. Akaongeza mwendo.

Sasa sikieni maajabu ya teknolojia. Ile drone ilikuwa inanifuata mimi. Lakini nilipoingia chini ya majani ikanipoteza. Ikatafuta kanzu nyeupe na koti jeusi linalokimbia, na upande wa pili wa migomba likatokea. Ila lilikuwa la Ta Anselmi, naye alikuwa amevaa kama mimi.

Basi ikamchukua yeye.

Mzee akienda kushoto, nayo kushoto. Akisimama, inasimama juu yake inanguruma. Akajaribu ule ushauri wa group, akaanza kutembea tofauti, amechutama, mikono chini, kama mbuzi anayetafuta kamba yake. Ikamfuata hivyo hivyo, kwa heshima zote. Akajifunika majani makavu. Ikashuka kidogo, nadhani ilitaka kumuona vizuri.

Mtasema Respi alikuwa wapi, si ana rimoti? Yule mama jirani alikuwa amesikia kelele, akatoka, akamkuta mwanaume nyuma ya kahawa zake ameshika mtambo. Alimpiga fagio mpaka akakimbilia stoo, mama akafunga kitasa kwa nje. Rimoti ikabaki kwenye kahawa.

Kwa hiyo wakuu, kwa muda ule, drone ya Respi ilikuwa kweli haina mtu wa kuongea naye.

Nilimfikia mzee kwenye shina la mgomba mkubwa, amejikunyata, amefunikwa majani hadi kofia. Nikapiga magoti. Nikasema, "Baba, nisamehe, ni kamera tu."

Hakunitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikaacha kuona kichekesho. Niliona aibu, na nikamuogopea moyo wake.

Betri ikaisha nguvu. Ile drone ikageuka yenyewe, ikarudi ilikotoka, ikapita juu ya uwanja na kutua kwa jirani. Mama jirani akaifunika na tenga kama anavyofunika vifaranga.

Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wanajikung'uta, hakuna anayemtazama mwenzake.

Ta Anselmi alirudi wa mwisho. Jani limenasa kwenye kola ya koti, na hakuna aliyethubutu kulitoa. Respi akaletwa. Tenga nalo likaletwa, na kitu ndani. Nikaeleza yote.

Ta Felisiani alijaribu kuokoa jahazi. "Waitu wazee wangu, jogoo wetu..." Unyoya ukamtoka kwenye nywele ukaanguka, akakaa chini.

Ta Anselmi akasema taratibu, "Kijana huyu amekuja kuomba mke na vita mkononi. Chukueni vikapu vyenu."

Nilimtazama Koku mlangoni. Analia bila sauti. Nilikuwa najua hiyo hapana haina rufaa, na nilijua Koku hatavunja neno lake.

Tungeondoka wakuu. Shangazi zangu walikuwa wameshaanza kufunga vikapu.

Ila mzee akakumbuka jambo. "Hicho kitu kilinipiga picha?"

Respi akakiri.

"Zifutwe. Zifutwe hapa, mbele ya wazee. Lakini kwanza tuone ni nini kinafutwa, asije akatudanganya."

Tukaingia sebuleni. Respi akawasha kompyuta yake mpakato, akaiweka mezani karibu na picha ya Bikira Maria. Ma Yustina akasaidiwa kukaa mbele kabisa.

Video ikaanza. Hakika Respi anajua kazi, kibanja kilikuwa kizuri kutoka juu, kijani mpaka raha. Turubai lile. Mimi huyo nasimama. Halafu watu wakaanza kutawanyika.

Wakaona mjomba huyu, wakaona shangazi yule. Mtu akacheka, akanyamazishwa.

Kisha wakamuona Ta Anselmi. Anainuka kwenye kiti. Mbele yake yupo mke wake, mkekani, na goti lake na kikapu chake cha kahawa. Mzee hakuzunguka. Alikunja kanzu, akaruka juu ya mama wa watu kama anavuka mtaro, akaenda.

Ma Yustina akasema, "Rudisha nyuma hapo."

Respi akarudisha. Mzee akaruka tena.

"Rudisha."

Akaruka mara ya tatu. Nakwambieni aliruka vizuri.

Ma Yustina akageuka polepole. "Baba Koku. Uliniruka."

Ta Anselmi akakohoa. "Nilikuwa naivuta ile ndege. Ije kwangu, ikuache wewe salama."

"Wakati unaruka, ndege ilikuwa juu ya kijana."

"Ndiyo, lakini baadaye..."

"Anselmi."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akimwita bila "Ta."

Video ikaendelea, migombani, mzee na mwendo wa mbuzi. Watu walishindwa kujizuia, katekista alitoka nje. Mwishoni drone ikarudi, ikapita juu ya uwanja ule mtupu. Pale mkekani si watu wote walikuwa wamekimbia. Ma Yustina alikuwepo. Na Koku alikuwa ametoka ndani akakaa pembeni ya mama yake, wameshikana mikono, wanatazama juu, wanatafuna kahawa wakisubiri kitakachokuja.

Pale hakuna aliyecheka.

Koku hakuwa anajua ni kamera wakuu. Na yeye alikuwa anaamini kama wengine. Nilitamani kumkumbatia mbele ya ukoo mzima.

Nikafikiri mama mkwe sasa atanisifia, si nilimfuata mzee kwenye hatari? Nikajiweka sawa kwenye kiti.

Akanitazama. "Na wewe ulinipita. Nilikuona. Uliruka kikapu."

Kweli niliruka kikapu.

Akamgeukia mume wake. "Unamkataa kwa lipi? Huyu ni wewe mtupu. Mimi nimekaa na mwanaume anayekimbia miaka yote hii, na nyumba hii imesimama. Koku naye ataweza."

Ta Anselmi akalitoa lile jani kwenye kola, akalitazama, akaliweka mfukoni.

"Vikapu virudi ndani," akasema.

Shangazi zangu walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia upya. Nilipigwa faini ya mbuzi na kibuyu cha rubisi, pamoja na kurekebisha banda la kuku ambalo Ta Felisiani alilivunja mlango. Video haikufutwa. Ma Yustina aliomba awekewe kwenye simu yake, na nasikia siku hizi mzee akianza ukali, mama anaitafuta tu ile simu na sauti ya mzee inashuka.

Niongeze jambo moja, si la utani. Kabla hatujaondoka Ta Anselmi aliniita pembeni. Akaniambia wakati wa vita hakuna aliyekuwa anawaambia ndege inayopita ni ya nani. Walikuwa wanalala chini wanasubiri kujua. "Wewe ile sauti umeisikia leo. Mimi masikio yangu hayajawahi kuiacha." Nikamshika mkono.

Funzo nililopata: kabla hujarusha kitu juu ya vichwa vya watu, waambie. Surprise ni maua, surprise ni keki. Watu wanaogopa mashine inayojiamulia yenyewe, na siwacheki tena, wana haki ya kuogopa. Lakini siku ile mashine ilikuwa inafuata ilichoambiwa. Waliojiamulia wenyewe, haraka kuliko umeme, ni sisi wenye kanzu, na tuliamua kuwaacha waliotupikia.

Harusi ni baada ya msimu wa kahawa. Respi amealikwa, atapiga picha akiwa amesimama chini.

Haya wakuu, jukwaa lenu. Mkwe wako alikukubali kwa lipi, na wewe ungesikia ule mlio ungeruka mkeka au ungekaa? Semeni ukweli, maana huku kwetu Ta Novati kasema wa kwake, na ule mlamula umesharudishwa.